Nafasi ya Mama Mmoja

Kisura alipokuja kuomba uhai, hakuja na sura ya mwombaji. Alishuka kwenye pikipiki ya kukodi, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii, akaenda kuketi kwenye benchi la wateja nje ya chumba cha mashine ya kusaga. Hakupiga hodi. Alipakata mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za hospitali na kutazama barabarani, utadhani yeye ndiye anayesubiriwa.

Ndani, dada yake alimwona na akaendelea kupima mahindi. Wateja walimwita Bi Debe, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita alipima mahindi ya watu kwa debe, na hakuna aliyewahi kuona punje ya nyongeza ikitoka mkononi mwake. Vumbi la unga lilimjaa kwenye nyusi, kwenye kope na, kwa maneno ya daktari, kwenye mapafu. Alikuwa na pumu ya kudumu, na hata akiwa amekaa kifua chake kilipiga mluzi.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja, mkubwa na mdogo, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa, tangu arusi ya kijana wao. Siku ile kiti cha mama wa bwana arusi kilikuwa kimoja. Bi Debe alikiwahi asubuhi, kabla hata mapambo hayajafungwa, na hakunyanyuka mpaka wageni walipoanza kuaga, hata msalani hakwenda. Kisura alisimama nyuma pamoja na wapishi.

Nasema kijana wao kwa sababu sina namna nyingine ya kusema. Kisura alimzaa, akamwacha kwa dada yake akiwa na miezi mitano, akaenda kutafuta maisha. Bi Debe, ambaye hakujaliwa mtoto, alimlea. Kijana alikua akimwita Bi Debe mama, na yule aliyemzaa akimwita mama mdogo, na hakuna aliyemficha habari hiyo. Kilichofichwa ni kingine, na nitakifikia. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mwajiriwa wa idara ya maji, anapita nyumba hadi nyumba kusoma mita.

Msoma mita alifika dakika chache baadaye kwa miguu, na sare yake ya kazi. Pikipiki yake alikuwa ameiuza wiki iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie mgeni wako benchi hilo ni la wateja."

"Mama, mama mdogo anaumwa."

"Naona. Sijapofuka."

"Figo zote mbili zimekufa. Lazima asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Tumelipa mara tatu, na sina tena cha kuuza."

Bi Debe alizima mkanda wa mashine ili asikie vizuri. Alijua kinachofuata kabla hakijasemwa.

Bima ya afya ya taifa ilikuwa imetangazwa kwa matarumbeta. Walisema ni ya kila mtu. Walichosahau kusema ni kwamba kila mtu maana yake ni mwenye mwajiri, na mwenye mwajiri anaruhusiwa watoto wanne, baba mmoja na mama mmoja. Asiye na mwajiri anaweza kujiunga mwenyewe, karibu sana, mradi alete mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo na asiwe mgonjwa. Kisura alikuwa mfuaji wa nguo za watu, na alikuwa mgonjwa. Baba wa kijana alishajifia zamani bila hata kujulikana vizuri. Nafasi ya mama kwenye kadi ya msoma mita ilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa Bi Debe, ambaye kila mwezi alichukua kwa kadi hiyo dawa ya kuvuta na vidonge vya presha.

"Kwa hiyo umeniletea nichague siku ya kufa," alisema Bi Debe.

"Nimekuletea tuzungumze."

"Huyu aliyekuja kuzungumza mbona kafunga mdomo?"

Hapo Kisura akageuza shingo. Uso wake, ambao zamani ulikuwa ukisimamisha wanaume barabarani, ulikuwa umevimba chini ya macho. "Sina la kukuomba," alisema. "Nimekuja kwa sababu mtoto wangu kaniambia nije."

"Mtoto wako," alisema Bi Debe, akawasha mkanda.

*

Walikwenda ofisi ya bima siku iliyofuata, wote watatu. Ofisi ya kuhudumia wagonjwa waliiweka ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo, na mlangoni pake palibandikwa karatasi kusema ni mbovu, nayo karatasi yenyewe ilishakuwa ya manjano. Msoma mita alimkokota Kisura ngazi baada ya ngazi. Bi Debe alipanda nyuma yao akivuta pumzi kwa sauti, akisimama kila kona, na hakuna aliyegeuka kumpa mkono. Mzee mmoja mwenye gongo alikuwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Alisema amefika hapo tangu saa mbili, na kwamba akipata nguvu ataendelea.

Kwenye dirisha la tatu alikuwepo karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakuwa mkali. Alikuwa na ile sauti ya mtu aliyesema maneno yaleyale mara mia tangu asubuhi, na mtu wa namna hiyo ni afadhali angekuwa mkali.

"Mfumo unakubali mama mmoja," alisema.

"Sawa," alisema msoma mita. "Nataka kubadilisha. Aliyenizaa ni huyu."

Karani alifungua faili. "Cheti chako cha kuzaliwa kinasema aliyekuzaa ni huyo mwingine. Huyo anayehema."

"Huyo ni mama mkubwa. Ndiye aliyenilea."

"Cheti hakisemi amekulea. Kinasema amekuzaa." Aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. "Kama kuna makosa, aliyeandikwa kwenye cheti aje hapa aape mbele ya wakili kwamba hakuzaa. Tutamwondoa siku hiyohiyo. Halafu mama mpya ataanza kutibiwa baada ya siku tisini."

"Tisini?"

"Kila mtegemezi mpya anasubiri siku tisini. Ni utaratibu."

"Daktari kasema akikosa wiki mbili tu, amekwisha."

"Mimi siyo daktari, kaka yangu."

Bi Debe alisikia kitu kama nafuu kikimpitia kifuani, na akakichukia papo hapo, lakini alikisikia. Utaratibu ulikuwa umeamua badala yake. Angeweza kurudi nyumbani na kadi yake na roho safi. Alikuwa tayari ameshika ukingo wa dirisha ajigeuze.

Karani hakuwa amemaliza. Alikuwa akikitazama cheti karibu na miwani. "Hiki kilitolewa mtoto akiwa na miaka saba," alisema. "Kwa nini mlichelewa hivyo?"

Ni swali la kazini tu, huenda aliuliza ili ajaze kisanduku. Nyuma yao foleni ilikuwa imenyamaza, kama foleni zinavyonyamaza zikinusa umbea. Bi Debe alifungua kinywa aseme walikaa shamba, walikuwa mbali, vitu vya namna hiyo. Kisura akamtangulia.

"Kwa sababu nilikuwa nimekuja kumchukua," alisema.

"Kisura," alisema Bi Debe.

"Nilikuwa nimepata kazi ya kufua hotelini. Nilikuwa nimepanga chumba, nimenunua kitanda kidogo cha chuma na sare ya shule. Nikaja. Huyu akaniambia nirudi Jumamosi, mtoto aage wenzake. Kumbe wiki hiyo anakwenda kutengeneza cheti. Jumamosi nikakuta askari wawili sebuleni wanakunywa chai. Wakaniambia cheti ndicho hiki, mama ndiye huyu, na nikisogea tena pale nitafungwa kwa wizi wa mtoto." Aliongea polepole bila kupaza sauti, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Nilikuja tena mara tatu. Kila nikija alikuwa ananionyesha karatasi kupitia dirishani."

Msoma mita alimgeukia Bi Debe. Tangu akiwa mdogo aliambiwa kwamba mama mdogo alimtupa na hakurudi. Aliambiwa hivyo akila, akioga, akichapwa, na alipoanza kazi na Kisura akajitokeza, aliambiwa kwamba amenusa mshahara.

"Mama, ni kweli?"

"Alikuacha ukiwa na miezi mitano. Ulikuwa unaharisha."

"Nimekuuliza kama ni kweli."

Bi Debe angeweza kukana. Aliona watu kumi na tano nyuma yake, akaona miwani ya karani, akaona uso wa kijana aliyemlisha kwa kijiko, na uso huo ulikuwa unamtazama kwa namna anayotazamwa mtu aliyechezea mita.

"Ni kweli," alisema.

Hakujuta. Tusimpake rangi nzuri. Kilichomuuma ni kuvuliwa nguo mbele ya dirisha la serikali na mwanamke ambaye, kwa maoni yake, alikuwa na bahati ya kuzaa na hakujua kuitunza. Karani aliandika mstari mmoja kwenye faili, akaandika majina ya dada wote wawili, nani anadai kuzaa na nani yuko kwenye cheti, akasema, "Mkiamua mtarudi. Anayefuata."

*

Kwenye chumba cha mashine Kisura peke yake ndiye aliyeketi. Msoma mita alisimama mlangoni akitazama nje. Hakuwa amesema neno tangu ngazi za ghorofa ya nne. Bi Debe alikuwa akimjua kijana huyu. Akinuna, hula. Akikasirika, hupiga kelele. Kunyamaza hivi hakukuzoea.

Alikwenda kwenye sanduku lake la bati, akatoa kadi, akaitupa mapajani mwa Kisura.

"Chukua. Kuanzia leo wewe ni mimi."

Kisura aliitazama kadi bila kuigusa.

"Picha ni ya miaka sita na imefifia," alisema Bi Debe. "Pua ya baba tunayo wote. Umevimba sasa, hata aliyekuzaa hawezi kukutambua. Hakuna kuapa, hakuna siku tisini. Unakwenda Jumatatu."

"Na wewe dawa zako?" aliuliza msoma mita, bado akitazama nje.

"Nitajua mwenyewe."

"Wakigundua nafukuzwa kazi, mama."

"Basi wasigundue." Alimgeukia mdogo wake. "Na usinishukuru. Sifanyi kwa mapenzi. Sitaki mtu aje aniambie nilimzika mdogo wangu kwa roho mbaya."

"Sikushukuru," alisema Kisura. "Unanirudishia kwa kijiko ulichochukua kwa debe."

Akaichukua kadi.

Masomo yalianza palepale. Bi Debe alimsimamia kama mwalimu mkuu mwenye fimbo. Tarehe ya kuzaliwa. Jina kamili la marehemu mume. Mwaka wa kuanza presha. Mzio wa dawa fulani ya vidonda, ambayo kwa Bi Debe huleta vipele. Kisura alikosea tarehe mara mbili, na kila alipokosea dada yake alimwambia kwamba hata shuleni alikuwa hivyohivyo, kichwa cha kubebea kuni.

"Ukiulizwa umezaa watoto wangapi?"

"Mmoja. Hilo sihitaji kufundishwa."

Msoma mita alitoka nje akawaacha.

*

Kadi ilikubali. Jumatatu na Alhamisi, asubuhi, Kisura alilala kwenye kiti kirefu chenye godoro la plastiki, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, na kwenye ubao wa juu ya kichwa chake liliandikwa jina la dada yake. Mwezi wa kwanza alisahau kuitika. Mwezi wa pili alishazoea. Uvimbe ulishuka, akaanza kula, na ulimi ukarudi mahali pake.

Bi Debe alizisikia habari hizo kutoka kwa mke wa msoma mita. Kisura alikuwa anawasimulia wauguzi maisha yake. Alikuwa anawaambia ana mdogo wake, mwanamke wa mashine ya kusaga, mchoyo asiye na kifani, aliyewahi kumwibia mtoto kwa kutumia karatasi. Wauguzi walimhurumia. Walilitaja jina la Bi Debe kwa upole, wakimpa Kisura pole kwa maovu ya Bi Debe. Aliposikia, Bi Debe alicheka mpaka akakosa pumzi, na kukosa pumzi kwenyewe hakukuwa mzaha.

Maana dawa zilikuwa zimekwisha. Hospitalini jina lake sasa lilikuwa la mgonjwa wa figo, na mgonjwa huyo alikuwa akionekana mara mbili kwa wiki. Hakuweza kujitokeza kliniki kuuliza dawa ya kuvuta. Kwenye duka la dawa kichupa kimoja kilikuwa bei ya magunia mawili ya kusaga, kwa hiyo alikitumia kwa kubania, mvuto mmoja asubuhi, halafu mvuto mmoja kila baada ya siku mbili. Mzee mwenye mashine akaanza kumwambia apumzike. Alimjibu kwamba atapumzika akifa, na mzee akasema ndilo analoogopa.

Siku moja msoma mita alizuiwa kazini, ikabidi Bi Debe ndiye ampeleke Kisura. Walikaa kwenye benchi la korido, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Muuguzi alitokea mlangoni akaita jina. Dada wote wawili wakainuka.

Muuguzi aliwatazama. "Nimeita mmoja."

Miaka sitini na moja Bi Debe aliitikia jina lile, na miguu haijui siri.

"Ananisaidia kusimama," alisema Kisura, akamwegemea dada yake begani kwa uzito wote. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana tangu ujana wao. Alipofika mlangoni alimnong'oneza, "Utaniua kwa ujinga wako." Bi Debe akamjibu, "Kaa vizuri kwenye jina langu, basi, usilichafue."

Miezi saba ilipita hivyo. Halafu Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mrija ukiwa bado mkononi, moyo wa Kisura ulisimama. Daktari alisema moyo huchoka. Walimfunika, wakamfunga kikaratasi kwenye kidole cha mguu, na kikaratasi kilisema kwamba aliyekufa ni Bi Debe.

Bi Debe alilia. Alilia kwenye gunia la pumba, mashine ikinguruma ili asisikike, na alikasirika kwamba analia. Alimchukia Kisura kwa miaka mingi na alizoea kumchukia, na sasa chuki ilikuwa haina pa kwenda. Walizika upande wa pili wa mji, alikokuwa akiishi marehemu, ambako hakuna aliyejali majina ya kwenye vyeti. Wafanyakazi wenzake na msoma mita walikuja na shada la maua na rambirambi za kufiwa na mama mzazi. Baadhi yao walihudhuria arusi, na wangemtambua aliyekalia kiti cha mama. Kwa hiyo Bi Debe alikaa jikoni, mlango umefungwa, moshi ukimla kifua, akisikiliza mkuu wa idara akimsifu mama aliyezaa, akalea, akasomesha. Sifa zote za wanawake wawili zilizikwa na mmoja.

*

Barua ya ofisi ya bima ilikuja baada ya wiki tatu. Mtegemezi aliyefariki hafutwi kwa cheti cha kifo peke yake. Lazima ndugu mmoja wa damu wa marehemu afike na kitambulisho chake, athibitishe na kutia sahihi. Faili lilionyesha marehemu ana dada mdogo. Asipofika, bima ya mwanachama pamoja na mke na watoto wake itasimamishwa.

Msoma mita aliileta barua mwenyewe. Tangu ile siku ya dirisha la tatu alikuwa akija kwa shughuli tu, akiongea kwa kipimo. Aliweka juu ya meza barua na kitambulisho cha Kisura.

"Mtoto wa pili ana kifua," alisema. "Wakisimamisha, sijui nitafanyaje."

"Sikatai kwenda."

"Sijasema unakataa."

Lifti bado ilikuwa mbovu. Bi Debe alipanda ghorofa nne kwa nusu saa, msoma mita akiwa ametangulia. Juu alisimama nyuma ya nguzo mpaka mluzi wa kifuani upungue. Kichupa cha kuvuta kilikuwa tupu tangu Jumapili. Halafu akaenda dirishani, na aliyekuwepo alikuwa yuleyule, na miwani yake, na kamba yake.

Karani alisoma cheti cha kifo. Akakisoma kitambulisho. Akafungua faili kwenye ule mstari alioandika kwa mkono wake.

"Nawakumbuka," alisema. "Mlikuja wawili. Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa," alisema msoma mita.

"Marehemu ni yule mkubwa. Aliyekuwa kwenye cheti."

"Ndiye."

Karani alimtazama Bi Debe kwa muda. Bi Debe alibana pumzi. Kifua kilimwaka, macho yakamtoka maji, na hatimaye hewa ikatoka kwa nguvu na ule mluzi wake, ukasikika hadi kwenye viti vya nyuma.

"Siku ile aliyekuwa anahema hivyo ni marehemu," alisema karani.

"Ni ya ukoo," alisema msoma mita haraka. "Wote wanayo."

"Namuuliza mama." Karani aliweka kalamu chini. "Mimi hapa nikikuta kadi imetumiwa na mtu mwingine, naandika ukurasa mmoja tu. Mwanachama anapelekwa polisi, anafukuzwa kazi. Kwa hiyo niambie mwenyewe kwa mdomo wako. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Faili linasema mdogo wake ndiye aliyedai kumzaa huyu kijana."

"Ndiyo."

"Ulimzaa?"

Kwa miaka ishirini na mitano Bi Debe alilisema neno hilo kwa watu wote. Alilisema shuleni, kituo cha polisi, kanisani kwa watu asiowajua, na kila alipolisema lilimpa joto. Alimtazama msoma mita. Kijana alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, na hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama kalamu.

"Nilimzaa," alisema. "Nikamwacha kwa dada yangu. Yeye ndiye aliyemlea."

Karani aliichukua kalamu. Kama aliamini au hakuamini, hakuonyesha. Huenda alihesabu foleni iliyobaki na saa ya kutoka. Aliandika, akageuza karatasi kwa Bi Debe, akamwonyesha pa kutia sahihi.

"Ni bahati mbaya," alisema. "Kama dada yako angekuja kuapa akiwa hai, leo ungekuwa na miezi minne ndani ya bima. Na kifua hicho kinahitaji. Sasa aliyetakiwa kuapa hayupo, na kwenye mfumo mama wa huyu kijana amefariki. Nafasi hiyo inafungwa, haijazwi tena."

"Mama mdogo, weka sahihi hapa," alisema msoma mita.

Alisaini jina la Kisura. Karani akagonga muhuri mara mbili na kumwita anayefuata.

Waliteremka. Safari hii msoma mita alimshika mkono, na akamngoja kila alipohitaji kusimama, na Bi Debe akaanza kuamini kwamba mambo yataenda. Ghorofa ya kwanza alimuuliza mtoto anaendeleaje na kifua. Kijana alisema hajambo. Chini, barabarani, hapakuwa na mtu isipokuwa dereva wa teksi aliyelala kwenye usukani. Msoma mita alimwamsha, akafungua mlango wa nyuma.

"Ingia, mama mdogo."

Bi Debe alisimama akiwa ameshika mlango, akitafuta pumzi. "Huku chini hakuna karani," alisema.

"Najua," alisema msoma mita. "Ingia, mama mdogo. Unachelewesha gari."